Kadi Iliyoimba

Sabine aliendesha redio ndogo ya mtaa hapa Uvira kwa kompyuta moja kuukuu ya mkononi yenye mfumo wa Linux. Aliupenda kwa kuwa ni wa bure na virusi haviusumbui, na ukiusema vibaya mbele yake utajuta. Vita vilipotawanya watu wa bonde la Ruzizi, redio ikabaki na kazi moja: anayetafuta ndugu yake aje aseme mwenyewe. Kusomewa ujumbe na mtangazaji hakukufaa. Watu walikuwa wamekwisha kuitwa kwa ujumbe wa uongo wakakuta bunduki, kwa hiyo mtu hakutoka mafichoni mpaka asikie sauti ya mtu wake.

Siku moja umeme ukaunguza kadi ya sauti, kile kidude kinachopitisha sauti kuingia na kutoka kwenye kompyuta. Sabine akabeba kompyuta yake mpaka mtaa wa Kavimvira, kwa muuza vifaa Nkeshimana, akachagua kadi mpya ya kuchomeka kwa nje.

"Hii inakubali Linux?" akauliza. "Minye sina Windows."

Nkeshimana akaichomeka, wimbo ukalia. "Iko inaimba, mama. Unataka nini ingine?"

Kavimvira kitu cha sauti hupimwa hivyo: kikiimba, ni kizima. Sabine naye, fundi mzima, akaridhika. Hata leo siamini.

Alasiri ile akaja mzee Ndayiragije, aliyekimbia kutoka Bwegera, kule bondeni, akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Kaneza, mwanangu, ni minye baba yako. Niko ku masomo ya Kavimvira. Sitatoka hapa mupaka ufike."

Akarudi kwenye shule hiyo, walikolala wakimbizi, kumsubiri binti yake.

Jioni, saa ya matangazo, Sabine akafungua rekodi ya mzee. Kimya. Akapandisha sauti hadi mwisho, kimya vilevile. Kwenye Linux kadi ile ilijua kutoa sauti, kuingiza haikujua. Risasi zilikuwa zimefunga njia ya kumfuata mzee, basi akachomeka maikrofoni moja kwa moja kwenye mtambo wa kurushia matangazo, akayasema maneno yake hewani yeye mwenyewe, neno kwa neno, huku analia.

Kesho yake bomu likaangukia shule ile. Kaneza alifika redioni baada ya mazishi ya baba yake. Siku zote hizo alikuwa amejificha Kavimvira hiyohiyo, nyumba chache tu kutoka shuleni.

"Nilikusikia, mama," akamwambia Sabine. "Nikangoja baba aseme."