Sikio Langu Mfukoni

Nikisimulia hili nachekwa, basi bora nicheke wa kwanza. Mimi, mchuuzi wa ng'ombe wa Kaniha, ambaye mnadani hata mikia naihesabu mara mbili, nilipandisha mahari kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sikio langu la kulia lilishakufa na la kushoto liko mahututi, kwa hiyo hospitali walinipa kifaa cha kusikia (watoto wa jirani wakakiita mnara, na mimi wakaniita Mtandao). Ndugu wakanichagua niwe msemaji, tukaenda Bukiriro kumposea Deo, mtoto wa kaka yangu. Tulipofika uani nikawaza, hawa wakiuona mnara watasema ukoo una viziwi na wajukuu watazaliwa viziwi, binti tumkose. Nikakichomoa, nikakitia mfukoni.

Baada ya shikamoo na pombe ya rubisi, baba wa binti akataja mahari. Nilisoma midomo yake: ng'ombe wanane. Nikaguna kibiashara, nikasema punguzeni, tutatoa watano. Wenyeji wakatazamana. Deo (bwana harusi haruhusiwi kusema) akanifinya pajani. Mimi nikaelewa kwamba binti anaponyoka, nikasema haya, sita, na hapo siongezi hata kwato.

Wakapiga makofi hata sijamaliza. Mnunuzi mzoefu anajua makofi ya haraka si dalili njema, ila nilikuwa nimeshatoa mkono. Mara kifaa kikaanza kupiga mluzi mfukoni (sikukizima), wenyeji wakawa wanapekua simu zao, na mimi natabasamu tu kwa sababu ndimi pekee nisiyeusikia. Deo akavunja mila, akaingiza mkono mfukoni mwangu, akakitoa mbele ya wakwe, akanipachika sikioni.

"Baba mdogo, walisema wanne."

Nikamgeukia mzee, nimenywea kama ndama aliyenyeshewa.

"Nilisema wanne, mkwe," akanijibu taratibu. "Lakini mgeni akijipandishia mwenyewe, mimi ni nani nimzuie? Na hicho kidude mbona hata mama yangu anacho."

Wawili wa ziada walitoka zizini kwangu. Nilificha kifaa wasije wakasema ukoo wetu una viziwi. Sasa Bukiriro nzima inasema una matajiri, na mdogo wake Deo naye ameshapata mchumba hukohuko. Safari hiyo nitakivaa kabla ya viatu.