Viatu Vyangu na Kilo ya Sukari ya Mtani

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia. Shetani simtaji, maana mdomo uliobwata ulikuwa wangu. Nawaambia nyinyi msionijua kwa sababu wanaonijua nawaonea aibu.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa mashine za boti, na hasira zangu ziko karibu. Mke wangu alipoondoka nikahamia Kibiti, ambako hakuna aliyenijua hata kwa jina. Jioni nafunga kibanda, nanunua chipsi, nakula peke yangu, nalala. Siku moja Mzee Shabani wa Mbwera, kijiji cha kufikiwa kwa boti, akaniletea mashine yake. Nilipomaliza kuitengeneza akanitazama.

"Fundi, utaoza humu. Njoo kwetu, tunavuna mpunga. Kaa siku mbili tatu uone watu."

Nikaenda. Mkewe, Bi Mwanahawa, aliniuliza kabila kabla sijashusha begi. Nilipolitaja akapiga vigelegele!

"Mtani wangu huyu! Babu zenu walikuja pwani na mizigo kichwani, wakaonja wali na samaki, wakasahau njia ya kwao. Na wewe umefuata harufu?"

"Nimefuata shamba la babu, Bi Mwanahawa. Aliwaachia mtutunzie tu."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Basi, ugeni ukaisha palepale. Nikipepeta mpunga vibaya, naitwa punda wa Tabora. Nikipanda kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia ndege shambani, ananipigia kelele nishuke kabla sijaliangusha kwa uzito wa ugali. Mchana nakula sinia moja na wanawe, na wao wananicheka ninavyohangaika na miiba ya samaki. Nikirudi Kibiti naomba tu kazi ipungue niende tena. Wallahi, tangu niachwe sikuwa nimetukanwa kwa mapenzi namna ile!

Sasa sikilizeni nilivyojiharibia.

Asubuhi moja, nikiwa kwao, ndugu yangu akapiga simu kutoka nyumbani. Mke wangu wa zamani ameolewa. Sikumwambia mtu. Nikabeba begi niwahi boti kabla maji hayajakupwa, nafika mlangoni, viatu hakuna. Viatu vya ngozi, vipya! Bi Mwanahawa yuko kwenye kinu na wenzake, anatwanga kama hajui kitu.

"Viatu vimekamatwa, mtani. Vikomboe kwa kilo ya sukari, la sivyo utarudi Kibiti pekupeku kama babu yako."

Sukari, jamani! Tena chai yenyewe tungekunywa wote. Mtani akikukamatia kitu unalia kwa mzaha, unakikomboa, mnacheka, yanaisha. Hilo nalijua tangu utotoni, kwetu tunawafanyia wageni wa pwani vilevile. Ila siku ile nilitafuta wa kumtolea uchungu wangu, nikampata asiye na kosa.

"Huu ni wizi!" nikabwata. "Nyie watu hamna adabu kabisa! Mimi si wa kuchezewa!"

Michi ikasimama. Bi Mwanahawa akaingia ndani, akarudi na viatu, akavifuta vumbi kwa pindo la kanga yake, akaviweka miguuni pangu.

"Samahani, mgeni," akasema.

Mgeni! Nilisikia vizuri, nikajifanya sikusikia. Nikavaa, nikaondoka.

Nilirudi baadaye na mfuko mzima wa sukari. Akaupokea kwa mikono miwili. "Ahsante, bwana. Mungu akuzidishie." Nikamchokoza, nikamwambia nimekuja kuchukua shamba la babu. Akatabasamu kidogo, akanikaribisha niketi. Chakula nililetewa chumbani, kimefunikwa kawa, na samaki mkubwa kuliko wote. Nje nawasikia wanawe wanacheka kwenye sinia lao. Nilikula mimi na ukuta.

Wakati wa kuondoka Mzee Shabani alinisindikiza mpaka botini. Alikohoa kwanza, ndivyo alivyozoea kabla ya kusema neno.

"Mtani hachukii, fundi. Ukishachukia, mwenzio anaogopa kukuudhi tena. Sasa afanye nini zaidi ya kukuheshimu?"

Juzi Mzee Shabani alifariki. Njia nzima ndani ya boti nilikuwa nafanya mazoezi ya kukohoa kama yeye. Mtani ana kazi yake msibani: anamwiga marehemu, anasumbua watu, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Nilijiambia, leo ndiyo leo, nitaifanya kazi yangu na Bi Mwanahawa atanisamehe.

Nikakuta kazi imeshafanywa. Mama mmoja Mnyamwezi, muuza nguo kutoka Ikwiriri, alikuwa amevaa kofia ya marehemu, anakohoa, anazunguka uani.

"Mwanahawa! Unalia nini? Umeniunguzia wali tena?"

Ndani nikamsikia Bi Mwanahawa akicheka na kulia kwa pamoja. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu siku ya viatu. Nikasogea mlangoni, kikohozi changu nikakiacha.

"Pole, Bi Mwanahawa. Ni mimi, mtani wako."

Akajifuta machozi kwa kanga.

"Ahsante kwa kuja," akajibu. Kisha akapaza sauti kwa waliokuwa nje: "Jamani, mgeni amefika. Mpeni kiti."

Wanaume wote walikuwa mikekani, wamebanana bega kwa bega. Mimi nikaletewa kiti cha plastiki, kikafutwa vizuri, nikakaa juu peke yangu mpaka maziko. Ole wangu!

Wewe unayesafiri, ukifika kwa watu wakakufichia viatu, cheka, ukanunue sukari. Usingoje mpaka wakuletee kiti.