Mwendo wa Baba Ndani ya Gitaa

Hapa Msinga, katika nchi ya Wazulu, watu humwita baba mkwe wangu Jobe, jina la sifa la ukoo wa Sithole. Mimi nimeolewa na mwanawe, kwa hiyo, kwa desturi yetu, jina lake silitamki. Nitasema Baba.

Baba hakujifunza gitaa akiwa ameketi. Alijifunza akitembea. Ujana wake wote alipiga njiani, akienda dukani, akienda kuchumbia, akipanda vilima na katambuga zake za tairi, na kidole gumba kilishuka kwenye nyuzi nene kila mguu ulipokanyaga. Ndiyo maana watu waliousikia wimbo wake hawakuweza kukaa. Wimbo wenyewe ulikuwa unatembea.

Basi akaenda kufanya kazi mgodini, na mwamba ukamvunja nyonga. Alirudi nyumbani akichechemea, na gitaa likatundikwa ukutani. Majirani wakasema vidole vimekufa ganzi. Havikuwa vimekufa. Nilimwona akisuka kamba za mbuzi kwa vidole hivyo hivyo, upesi kushinda kijana.

Kilichotutia wasiwasi ni harusi ya Zibuyile, bintiye wa mwisho. Mabinti wa bonde hili walipoolewa, Baba ndiye aliyewatoa kwenye zizi la ng'ombe, ambako bibi harusi huwaaga wazee wa kwao. Gitaa lilitangulia, bibi harusi akafuata bila kugeuka nyuma. Zibuyile alingoja zamu yake tangu utotoni. Sasa Baba anasema aitwe kijana wa ng'ambo ya mto.

"Yule wa spika?" Zibuyile akang'aka. "Yule akipiga hata mbwa wanahama! Sitoki zizini kwa yule, Baba. Nitabaki humo na ng'ombe, mje mnikamue asubuhi."

MaMchunu, mama mkwe wangu, alicheka hadi akajifuta macho. Baba hakucheka.

"Nimejaribu, mwanangu. Wimbo unaanguka. Naushika hapa, unaangukia pale."

Mke wa mwana hamkazii macho baba mkwe. Macho yangu huwa chini, kwa hiyo Baba namjua kwa miguu. Wa kulia hukanyaga kwa kishindo, wa kushoto huja ukiburuta, halafu kimya kidogo, halafu kishindo tena.

Wiki hiyo mwanangu Aphiwe alikuwa anaota meno. Nilimbeba mgongoni nikazunguka uani hadi kiuno kikauma, hataki kulala. Baba alipopita kuwapelekea mbuzi maji, mtoto akanyamaza, akasikiliza. Nami bila kukusudia nikaufuata mwendo ule. Kishindo, buruta, kimya. Kichwa cha mtoto kikalala mgongoni pangu.

"Wee makoti!" MaMchunu akaniita, kama waitwavyo wake wa wana kwetu. "Ndiyo kumwiga baba mkwe wako huko?"

Nilitamani kujificha kwenye pipa. "Hapana, Mama. Ni mtoto. Anautaka mwendo huu."

"Mwendo gani?"

"Wa Baba."

Kumbe Baba alikuwa nyuma ya ukuta wa zizi. Akasema, "Mwambie asisimame."

Nikatembea. MaMchunu akanipigia makofi polepole, akianza kuelewa kabla yangu. Baba akaingia ndani, akatoka na gitaa lenye vumbi. Akafunga penseli kwa mpira kwenye shingo ya gitaa ili sauti ipande, akazikaza nyuzi. Akaachia zile noti za mbio za mwanzo ambazo wapigaji wa kwetu hujitangazia, kisha akaanza kuzunguka ua.

"Kumbe nilikuwa naipigia ile miguu ya zamani," akamwambia mkewe.

Ulikuwa wimbo ule ule wa kumtoa bibi harusi. Zamani ulikuwa wa haraka, wasichana wakiurukia. Sasa gumba lilishuka kwa uzito, na pale mguu ulipokawia, nyuzi nyembamba zililia peke yake, kama sauti ya kumwita mtu arudi. Neno hata moja halikubadilika. MaMchunu, ambaye wimbo huo humpigisha vigelegele, aliketi juu ya ndoo akalia.

"Unalia nini?" Baba akamuuliza. "Si wimbo ule ule?"

"Kwani nani kakwambia siujui? Endelea kupiga!"

Asubuhi ya harusi Zibuyile alitoka zizini amejifunika blanketi la baba yake. Wasichana waliomfuata walijikwaa mwanzoni. Waliinua mguu, na gumba bado halijashuka.

"Jamani, mzee anachelewa!" mmoja akanong'ona.

"Hachelewi," Zibuyile akasema bila kugeuka. "Mngojeni."

Wakangoja. Miguu yote ikatua pamoja, vumbi likaruka, na nikaona wanawake wazima wakiacha vyungu kuja kutazama.

Kwa desturi, kwenye lango la ua baba hasongi mbele zaidi. Alijitenga pembeni ili binti apite. Kishindo, buruta, kisha kile kimya akakivuta, akakivuta, kidole gumba kikining'inia juu ya nyuzi. Zibuyile alikuwa ameinua mguu. Hakuushusha. Alisimama hivyo, hajatoka wala hayumo, na wasichana nyuma yake wakaushikilia mguu hewani vilevile.

Baba akashusha gumba.

Zibuyile akakanyaga nje.