Mashimo Kumi na Nane Chini ya Theluji

Sisi tuliojifunza gofu Maskati zamani tuliujua mchanga kabla ya majani. Kila mchezaji alibeba kipande chake cha busati la plastiki, akakiweka chini ya mpira kila alipotaka kupiga. Pale penye shimo mchanga ulimwagiwa mafuta usipeperuke, na ukimaliza unafagia nyayo zako. Siku hizi vipo viwanja vya majani hapa, lakini bado nikikanyaga majani yaliyokatwa vizuri natembea polepole, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na viatu.

Ndiyo maana picha ile ilinishika. Binti yangu alinifungulia kwenye kompyuta yake, kwake mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Kilikuwa kijiji cha milima ya Alpi. Bondeni mizabibu imepangwa safu kwa safu mpaka ukingoni mwa barabara, juu yake kiwanja cha gofu, na juu ya kiwanja vilele vyenye theluji. Nimepanda Jabal Akhdar mara nyingi, nikala zabibu na makomamanga ya kule, nikidhani nimeshaujua mlima. Niliitazama mpaka binti yangu akaniuliza kama nimelala.

Nikamwambia safari hii nakwenda na mama yake. Miaka yote, baridi ikiingia, mimi nilikuwa uwanjani na wenzangu, na mke wangu nikimwambia, "Mwakani tutasafiri." Mwakani zikawa nyingi. Kosa hilo ni langu, sina wa kumgawia.

Kumshawishi hakukuwa rahisi.

"Zabibu zote hizo wanazifanya nini?" aliniuliza.

"Wanazikamua."

"Sharubati?"

Nikatazama chai yangu.

"Astaghfirullah. Uzee huu, ndo unanipeleka kwenye ulevi."

"Tunakwenda kutazama, bibi wee. Nani kakwambia tunakunywa?"

"Na wewe ukiwa kwenye mpira wako, mie nitazame mizabibu peke yangu?"

"Utapanda nami kigari cha gofu, tutazunguka pamoja."

"Haya, nnakuja. Lakini ukinambia tena mwakani, sikusikilizi maisha."

Nikachagua Januari bila ya kufikiri. Hapa nani anacheza gofu kiangazi? Kiangazi cha Maskati fimbo yenyewe ya kupigia inakuunguza mkono. Kwetu Januari ndiyo gofu, na sikupata kuwaza kwamba kwingine duniani ni kinyume. Binti yangu akatuwekea chumba kijijini, kisha nikamwomba awaandikie watu wa kiwanja watutengee asubuhi zetu.

Jibu lilikuja na picha. Waliandika kwa adabu kwamba kiwanja hufungwa majira yote ya baridi, hufunguliwa theluji ikishayeyuka, na wametuma picha tujionee.

Binti yangu alicheka mpaka akafuta machozi. "Baba, umeomba kucheza ndani ya friji."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikimfikiria mama yake, aliyekwisha kwenda madukani Hamriya kununua koti na soksi za sufu, na akawaaga majirani.

Nilirudi nyumbani Azaiba nikamwambia kabla sijakaa. "Nimekosea. Kiwanja kimefunikwa na theluji. Pengine tungoje kiangazi."

Akachukua simu yangu yenye picha ile ya theluji, akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Nikainama nitazame naye. Mlima na kiwanja vilikuwa kitu kimoja cheupe, hujui wapi kinaishia hiki na kuanzia kile. Bendera hazipo, na mashimo yote kumi na nane yamezikwa. Chini bondeni mizabibu haina jani hata moja, imesimama katika weupe ule kama mistari ya wino. Nimetazama viwanja vya gofu zaidi ya nusu ya umri wangu, na hicho ndicho cha kwanza nilichokitazama bila ya kutafuta shimo.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ya chini. "Hapana hata wayo."

Nikaketi kando yake, tukaitazama. Chai yake ilipoa mezani na hakuna aliyeikumbuka.

"Basi nimwambie mwanao abadilishe, iwe kiangazi?"

"Kiangazi utanambia mwakani. Tunakwenda hivi hivi."

"Na fimbo zangu?"

Hakuondoa macho kwenye picha. "Chukua moja," alisema. "Utaegemea."