Banda Lililotolewa Kwenye Mchoro

Agustino Kobelo alitumia miaka thelathini na moja kupanga bandari, na hajui kuogelea. Watu wa Mafiga, mtaani anakoishi, wanalijua hilo kwa sababu hulisema mwenyewe, kila anapoulizwa alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kustaafu. Wanacheka, naye anacheka, kisha anaanza kuwaeleza kwamba bandari haipangwi majini. Hupangwa nchi kavu, mezani, na mtu anayejua kuuliza: mizigo itatoka wapi, itakuwa mingi kiasi gani baada ya miaka thelathini, itafika kwa reli au kwa lori, italala wapi ikisubiri meli. Kina cha maji na urefu wa gati ni majibu tu ya maswali hayo. Akifika hapo wengi huwa wameshamaliza soda zao na wanatafuta namna ya kuaga.

Si mtu wa makuu. Kitu pekee cha fahari sebuleni kwake ni meza ya kuchorea aliyopewa siku ya kuagwa kazini, na mkewe ameshachoka kumwambia aitoe. Kwao ni Kinole, huko juu Uluguru, kwenye migomba na mifenesi iliyoparamiwa na mipilipili manga. Alipoajiriwa kama mchoraji katika ofisi ya mipango, baadaye akapandishwa hadi kwenye kazi ya kukadiria mizigo, alikuwa Mluguru peke yake pale. Hilo nalo alikuwa akilisema kwa kujisifu. Siku hizi halisemi.

Mwaka huu, masika yakielekea ukingoni, mpwa wake Winfrida aliteremka kutoka Kinole akiwa na mfuko wa salfeti mkononi. Winfrida ni binti wa dada yake Paskalia, na kwa Waluguru hilo ni zaidi ya undugu wa kutembeleana sikukuu. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno: kwenye posa, kwenye shamba, kwenye msiba. Agustino ndiye aliyemsomesha. Na ni yeye aliyemtia moyo aunde kikundi cha wakulima wa viungo, wauze wenyewe ng'ambo, waache kumsubiri dalali gulioni anunue kwa bei anayojisikia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona hukupiga simu?"

Winfrida alifungua mfuko akaumwaga mezani, juu ya ile meza ya fahari. Zilikuwa pilipili manga, ila hazikuwa nyeusi tena. Zilikuwa zimeota ukungu wa kijivu, zimeshikana mabonge mabonge, na harufu yake ilikuwa ya godoro lililonyeshewa.

Akaeleza. Mzigo wao wa kwanza, kaya thelathini na nane zimechangia, ulifika bandarini ukiwa mkavu, umepimwa, umepata cheti. Lakini haukutosha kujaza kontena. Ilibidi usubiri mizigo ya wengine iunganishwe nao, na kule hakuna mahali palipoezekwa pa kuwekea mzigo mdogo. Kuna yadi ya makontena, kuna matangi, kuna maegesho ya malori. Magunia yao yakakaa siku kumi na tisa juu ya sakafu ya zege, chini ya turubai, mvua ikinyesha kila uchao. Mnunuzi alipochukua sampuli akakataa mzigo wote.

"Watu wameanza kusema wakate mipilipili wapande mahindi," alisema. "Nimewaomba wasubiri. Nimewaambia mjomba wangu alifanya kazi kwa watu wa bandari, ataandika barua, watajenga hata kibanda. Wakiona barua watanisikiliza. Wasipoiona, kikundi kimekufa."

"Nitaandika," alisema Agustino.

"Lakini mjomba, nikuulize. Walipokuwa wanaipanga ile bandari, hakuwepo mtu hata mmoja pale ofisini wa kuwakumbuka watu wa milimani?"

Agustino aliinuka kwenda kumtafutia chai. Birika lilikuwa mezani mbele yake.

Sasa niseme alichokuwa anakikimbia, maana yeye mwenyewe kilimchukua siku nne kukisema.

Miaka kumi na minne iliyopita, mchoro wa kwanza wa bandari ile ulikuwa na banda. Alilichora yeye, kwa penseli, ukurasa mzima. Alikuwa amezunguka nchi akikusanya takwimu, amehesabu mahindi na karanga za Gairo, sukari, mbao, shaba ya nchi jirani, na alipofika kwao aliona kitu ambacho wenzake wasingekiona: wapo wakulima ambao mzigo wao ni mdogo lakini ni wa thamani, na utaongezeka. Karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga. Hao hawahitaji kontena zima, wanahitaji paa. Basi akachora banda lenye sakafu iliyoinuliwa futi tatu kutoka chini na matundu upande wa upepo, kipimo chake akikitoa kwenye uchanja wa kuanikia wa mama yake, ambao katika utoto wake wote hakuwahi kuona pilipili ikioza juu yake. Kilikuwa kitu kizuri. Mimi nasema pengine ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuchora.

Sasa pale ofisini kulikuwa na Bonifasi, Mnyamwezi wa Tabora, mpimaji wa kina cha maji. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na hawa wawili walikuwa watani hasa. Mama yake Agustino alipofariki, Bonifasi alipanda hadi Kinole, akaingia kaburini kabla ya jeneza kushushwa, akajilaza, akasema hatoki mpaka aletewe mkungu wa ndizi mbivu. Waombolezaji walicheka huku wanalia. Mtu aliyekufanyia hivyo siku kama ile huna haja ya kuuliza kama anakupenda.

Basi siku moja, wakati wa chai ya saa nne, Bonifasi akaingia na ukurasa ule wa banda ameuinua juu kama bango.

"Jamani njooni muone. Mluguru kapewa bandari ya taifa, yeye kajenga uchanja wa mama yake. Meli itoke huko duniani ije kufuata pilipili za Kinole."

Ukumbi mzima ulicheka. Hata wale wahandisi washauri kutoka nje walitafsiriwa, wakacheka.

Jibu lilikuwepo, tena la miaka mingi: nyamaza mpagazi wewe, bandari ikiisha tutakuita ubebe. Siku nyingine yoyote Agustino angelitoa kabla hajameza chai. Lakini wiki mbili nyuma mkubwa mmoja wa idara nyingine alikuwa amesimamishwa kazi kwa kupindisha barabara ipite kwa wakwe zake, na neno upendeleo lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Agustino akacheka kidogo, akauchukua ukurasa wake, akarudi mezani. Hakuna aliyemwamuru. Hakumuuliza mtu. Mchana ule ule, badala ya kuurudisha ukurasa kwenye jalada, aliukunja, akaupeleka nyumbani, na pale palipokuwa na banda akachora maegesho ya malori arobaini. Mtani kamtania, yeye kaenda kujihukumu. Bwana mkubwa mzima, aliyezaliwa na kukulia kwenye utani, akausikia utani kama mashtaka. Nikifikiria hilo naona hasira mpaka leo.

Kwa miaka kumi na minne alijifariji kwamba wahandisi wangelikataa tu banda lile. Ndiyo faraja aliyokuwa nayo siku aliyompigia Bonifasi simu kuuliza barua aielekeze kwa nani.

"Mluguru, hujafa tu?" Bonifasi alipokea.

"Nakusubiri utangulie ukanibebee mizigo."

Wakacheka, wazee wawili, mmoja Mafiga mmoja Tabora. Kisha Agustino akaeleza habari ya pilipili.

"Lile banda lako lilienda wapi?" Bonifasi aliuliza. "Mimi nilijua wakubwa ndio walilikata."

"Nililitoa mwenyewe. Siku ile uliyonitania."

"Agustino." Utani ulikuwa umemtoka kabisa. "Asubuhi ile nilikuwa nimetoka chumbani kwa wale washauri. Walikuwa wamelikubali. Walisema ndilo wazo pekee pale lililomfikiria mtu mwenye magunia matano. Ukurasa ule walinipa wao nikuletee. Ulikuwa na wino wao wa kijani pembeni, hukuuona?"

Hakuuona. Aliukunja bila kuutazama.

"Nilianza na utani kwa sababu ndivyo tunavyoanza," Bonifasi alisema. "Ungenijibu tu, ndugu yangu. Ungenitukana kama kawaida, ningekumalizia habari. Nilipoona umenyamaza nikadhani umechoka, nikasema nitakwambia kesho. Kesho yake nikapelekwa baharini wiki sita, na niliporudi banda halikuwepo; washauri nao walidhani wakubwa wamelikata."

Walipoagana, Agustino alikwenda kwenye sanduku lake la michoro, akautoa ukurasa, akaukunjua. Wino wa kijani ulikuwepo, maneno mawili ya kukubali na saini. Alijisikia vibaya kiasi kwamba alimwita mkewe, na mkewe alipofika akamwambia hakuna kitu.

Siku ya nne alipanda Kinole, amevaa koti, barua na ukurasa ule vikiwa ndani ya bahasha. Njiani alijipanga aseme nini. Alikuwa na sentensi nzuri kuhusu mazingira ya kazi ya wakati ule. Alipofika kwa dada yake hakuitumia.

Nyuma ya nyumba ya Paskalia kuna mifenesi saba, na kila mmoja ulikuwa na mpilipili manga uliopandwa na mama yao kwenye shamba la ukoo. Mipilipili mitano ilikuwa imekatwa shinani. Majani yalikuwa bado yamening'inia juu kwenye matawi ya mifenesi, yamenyauka. Paskalia alikuwa chini na panga.

"Shikamoo kaka. Karibu. Nimeanza kusafisha, mahindi yapate mwanga."

"Winfrida si aliwaomba msubiri?"

"Tumesubiri, kaka. Mvua zilizobaki hazisubiri."

Mpilipili ukipandwa leo utakaa miaka mitatu ndipo uzae, na ule wa mama ulikuwa umezaa tangu Agustino akiwa darasa la tatu. Alimshika dada yake mkono wenye panga, akalichukua, akaliweka chini. Akamwomba amwite Winfrida.

Aliwaambia yote, barazani, amesimama. Kwa kawaida mjomba anapozungumza na watoto wa dada yake huketi na wao ndio husikiliza. Yeye alisimama kama mtu aliyeitwa kujieleza. Akatoa ukurasa, akawaonyesha banda, sakafu, matundu ya upepo, wino wa kijani. Paskalia, ambaye hasomi mchoro, aliutazama akasema, "Huu si uchanja wa mama?" Kisha akajifuta macho na ncha ya kanga.

Winfrida alikuwa ameinamia karatasi.

"Ulituonea aibu, mjomba," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, wala si ya ugomvi.

"Niliogopa wasiseme napendelea kwetu."

"Ni hilo hilo."

Miaka yote Agustino alikuwa ameliita woga, mara nyingine uadilifu. Binti aliyemsomesha alikuwa amelitaja kwa jina lake.

"Naomba mnisamehe," alisema.

Paskalia alisema wamesamehe, kwa haraka, kama mtu anavyomwahi mgeni asianguke. Winfrida hakusema hivyo. Aliomba barua, akaisoma yote mara mbili. Ilikuwa barua nzuri, imeeleza hitaji la banda na kupendekeza lichukue sehemu ya maegesho. Chini palikuwa na jina: A. Kobelo, Mpangaji wa Bandari Mstaafu.

"Hapa hukusema unatoka wapi."

"Si lazima kwenye barua ya kiofisi."

"Andika, mjomba. Nitaipeleka mwenyewe, na huu mchoro nitauambatanisha. Wajue aliyelichora ni nani, na wakisema unapendelea kwenu, waseme."

Alimpa kalamu. Agustino aliiweka karatasi juu ya goti, akaandika chini ya jina lake neno moja, Kinole. Katika michoro yote ya miaka thelathini na moja hakuwahi kuliandika jina hilo kwenye karatasi ya bandari.

Winfrida alikunja barua pamoja na mchoro, akaviweka kwenye mkoba, akaaga kwamba anawahi kukutana na wanakikundi kabla hawajatawanyika. Tangu mdogo alizoea kugeuka kwenye kona ya njia apunge mkono; safari hii hakugeuka. Nyuma ya nyumba Paskalia alikuwa ameshaanza kuvuta mipilipili iliyokauka iteremke kutoka mfenesini. Agustino alivua koti, akaenda kumsaidia kuivuta.