Nishani Niliyoisugua kwa Ukwaju

Juzi, katikati ya somo la historia, simu yangu (ambayo kwa kawaida husomea ndani ya kitabu, mimi nikisomea nje) ilinionyesha picha ya kitu ninachokijua kuliko jedwali la kuzidisha. Nishani ya shaba ya Kichina, mviringo, nusu inang'aa kama sahani mpya, nusu nyeusi. Mtoto wa ami yangu, yule wa Qurum, mtaa wa wenye nacho, ameiweka kwenye ukurasa wa watu wanaokusanya nishani za kale. Chini yake watu wazima wa nchi za mbali walikuwa wananitukana bila kunijua. Mmoja kauliza, "Punda gani aliyeisugua hii?"

Rafiki yangu, punda ni mimi. Sogea nikuhadithie, lakini usitegemee nitajitetea sana.

Sasa nna miaka kumi na saba. Wakati ule nilikuwa na kumi, na tulikuwa tukikaa na Bibi Ruwi, mtaa wa maduka wa mji huu wa Kiarabu, ghorofa ya pili, juu ya mafundi cherehani. Asubuhi uliamshwa na honi za mabasi, mchana cherehani zikatetemesha sakafu mpaka vikombe kabatini vikazungumza. Ngazi zilinukia vitunguu vya jirani wa kulia na udi wa jirani wa kushoto. Bibi alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili, na kila mwaka akipanda ndege kwenda China kuchagua majora mwenyewe, kwa sababu, alisema, "kitambaa huchaguliwa kwa vidole, si kwa picha."

Safari moja alinunua pambo la kifua kwenye meza ya vikorokoro, lina bendera mbili zimepishana. Akalivaa harusini, akasifiwa. Safari iliyofuata akalipeleka kwa yule mama anayemuuzia hariri, amtafutie la pili liwe jozi. Yule mama alicheka mpaka akakalia jora. Si pambo, akamwambia, ni nishani. Karne moja nyuma, China ilipokuwa imeraruliwa na majemadari, kila mmoja na jeshi lake na jimbo lake, yakija mafuriko au ukame, mtu akitoa nafaka au fedha za kuwaokoa wenye njaa alivishwa hiyo kifuani.

Mwengine angeona haya. Bibi akapata maradhi. Kila safari akawa anarudi na moja, mara nyengine mbili. Akazipanga kwenye kikasha cha zamani cha vikombe vya kahawa, chenye bitana ya mahameli na matundu kumi na mawili. Vikombe vyenyewe vikahamishiwa jikoni kama wapangaji waliofukuzwa.

Mimi niliona majemadari hao vichekesho tu: asubuhi wanapigana mizinga, jioni wanagawa nishani za huruma. Nikamwambia Bibi hivyo. Akanitazama juu ya miwani. "Nishani za kuua watu zimejaa dunia nzima," akasema. "Ya mtu aliyetoa mchele, wewe umeona ngapi?"

Ijumaa baada ya biriani ndiyo ilikuwa siku yake. Tunanawa mikono kwa sabuni mara mbili, anatandika kitambaa cheupe, anafungua kikasha kwa ufunguo uliokaa shingoni mwake, anatoa lenzi. Alitufundisha alama. Kwanza bendera za mistari mitano, nyekundu, njano, buluu, nyeupe, nyeusi: ukiziona, ndiyo enzi yenyewe. Halafu masuke ya nafaka. Halafu mwaka, unaohesabiwa tangu jamhuri yao ianze, ukitaka mwaka wetu unaongeza elfu moja mia tisa na kumi na moja. Lakini alama kubwa kupita zote ilikuwa herufi ya balaa. Wachina huiandika mawimbi matatu juu, moto chini. "Mkiona mawimbi na moto," Bibi akitwambia, "jueni hii ni ya msaada. Msipoiona, jemadari kajivisha mwenyewe."

Na hapa ndipo anapoingia yule wa Qurum.

Alikuwa amenizidi miaka miwili na kila kitu chengine. Aliletwa na gari ya ami, ameshuka ananukia kiyoyozi, kucha safi, nywele zimelala kama zimeamrishwa. Siku moja akaja na glovu nyeupe za pamba, zake mwenyewe, za kushikia nishani! Bibi alifurahi kama aliyeletewa mjukuu mpya. Mimi nilikaa kushoto, yeye kulia, na lenzi daima ilikwenda kulia. Mimi nikiwa bado natafuta upande wa juu ni upi, yeye kishasema kwa sauti yake ya maktaba, "Bibi, mawimbi haya hapa." Na Bibi, "Mashallah! Huyu ana jicho la sonara." Halafu ananigeukia mimi: "Nenda kalete kahawa, mwanangu."

Miguu ya kuleta kahawa, ndiyo sifa yangu mimi. Nilikuwa namwonea wivu hata kwa namna alivyopiga chafya.

Ya kumi na mbili ilikuja nyeusi kama kitako cha sufuria. Uso mzima umefunikwa na ukoko wa miaka mia. Bendera zilionekana kidogo pembeni, basi. Tulijaribu programu ya simu inayosoma Kichina, ikatujibu "supu ya farasi". Bibi akaiweka kwenye tundu la mwisho na kusema maneno yaliyoninyima usingizi: "Atakayenionyesha mawimbi na moto wa hii, ufunguo wa kikasha wake."

Ijumaa mbili yule wa Qurum aliikodolea macho kwa tochi, akachora vistari kwenye daftari, akasema anahisi ameona wimbi moja. Wimbi moja! Nikajua akipata la pili nimekwisha.

Alkhamisi Bibi aliitoa aitazame kwenye mwanga wa dirisha, akaitwa dukani, akaiacha juu ya kitambaa. Jikoni, dada aliyekuwa akitusaidia kazi, mtu wa Tanga, alikuwa anasafisha birika la kahawa na chetezo cha kufukizia udi kwa ajili ya wageni wa Ijumaa: ukwaju uliolowekwa na majivu ya ubani. Ndivyo shaba ilivyosafishwa kwetu tangu wazee wetu walipokuwa Unguja. Birika lilikuwa linacheka.

"Dada, ukwaju unatoa kila uchafu?"

"Wote. Labda ule wa roho yako tu. Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Wewe usipotaka kitu ndio naogopa."

Akaenda kuanua nguo. Mimi nikachota.

Wallahi, ilikuwa raha. Ukoko ulitoka kama ganda la yai. Likatokea suke moja, likatokea wimbi, la pili, la tatu, na chini yake vijiti vya moto, safi kama vimeandikwa jana. Nilirukaruka peke yangu pale sinkini. Nilipotazama chini ndipo nikaona maji yana rangi: kipande chekundu, kipande cha njano, buluu kidogo. Rangi za bendera moja zilikuwa zinateremka kwenye tundu la maji pamoja na dhahabu iliyopakwa juu ya shaba miaka mia nyuma. Utepe wa hariri wa kuiningʼinizia kifuani ulikuwa umekunywa ukwaju mpaka umekuwa kahawia. Mwalimu wa kemia kanieleza mwaka huu asidi inafanya nini kwa shaba. Asante, mwalimu, umechelewa miaka saba.

Nikaacha nusu. Nikajiambia mshindi haangaliwi viatu.

Ijumaa nikaiweka kwenye kitambaa cheupe kabla yule wa Qurum hajavaa glovu. "Mawimbi," nikasema. "Na moto."

Bibi aliishika, akainusa. Akachukua lenzi. Akasoma polepole, kidole kikifuata. "Ukame," akasema. "Ya msaada wa ukame." Yule wa Qurum alianza kulia. Halilii ufunguo, ingekuwa nafuu. Alikuwa analilia ile bendera.

Bibi akavua ufunguo shingoni. "Nimeahidi, na ahadi ni deni," akasema, na mkono wake ukaja mpaka kwangu. Niliugusa, ulikuwa na joto la kifua chake. Ndipo akauliza, kwa upole tu, "Na zile kumi na moja, mwanangu, utazifanyaje?"

Nami, rafiki yangu, siku pekee ya utotoni niliyosema kweli bila kulazimishwa, nikajibu: "Nitazisugua zote, Bibi. Zing'ae."

Mkono ukarudi, na ufunguo ukiwa ndani yake. Ukavuka kitambaa, ukaenda kulia. Bibi akaandika kwenye daftari lake: "Ya kumi na mbili, ya ukame. Imesafishwa." Kisha akaiambia dari, "Hasidi hana sababu."

Ile ghorofa sasa wanakaa wengine. Bibi tumemzika mwaka juzi. Sisi tuko Mabela, nyumba mpya, vyumba vina mwangwi, chetezo ni cha umeme na hakuna cha kusugua. Yule dada karudi kwao Tanga. Ijumaa baada ya kula kila mtu anaingia chumbani kwake na simu yake, na hakuna anayenituma kahawa. Kikasha kiko Qurum.

Pale darasani nikateremsha kidole nione yule wa Qurum kawajibu nini. Mtu alimpa bei. Yule wa punda bado anasubiri jina. Yeye kaandika mstari mmoja: "Aliisugua mdogo wangu. Haiuzwi."

Nikaguswa, nakiri, kama sekunde mbili. Halafu wivu ukarudi mahali pake: hata ubora wa roho kauchukua yeye!

Nikamwandikia pembeni: "Punda anakusalimu."

Akajibu papo hapo: "Bibi hakuniruhusu kuiondoa kwenye tundu lake hata siku moja. Na unajua, utepe wake mpaka leo nikifungua kikasha unanukia ukwaju."

Nilifunga kitabu. Nikanusa vidole vyangu, palepale, mwalimu akinitazama. Wino, na chipsi za mapumziko.

Hata harufu anayo yeye.