Kabuti la Bosi Nthiga

Fundi Ednah wa Karurumo alikuwa na cherehani moja, mdomo mkali, na mtoto wa pili aliyemwita vava. Vava kwa Kiembu ni baba. Mtoto alipewa jina la baba yake Ednah, Nthiga, kama ilivyo desturi yetu, na mama akimtuma dukani alimtuma kwa heshima: "Vava, kimbia uniletee chumvi." Wageni walicheka. Sisi hatukuona cha kuchekesha.

Kilichokuwa kigumu ni jina lenyewe. Nthiga mkubwa alikuwa mlinzi wa kiwanda cha kahawa. Asubuhi moja magunia yalikosekana, na kwa kuwa mlinzi ndiye aliyekuwa langoni, mlinzi ndiye aliyefungwa. Alirudi amekonda, akaishi kidogo, akafa. Kwetu mwanamke anayeheshimiwa huamkiwa kwa jina la baba yake: mwari wa fulani, binti wa fulani. Ednah hakuamkiwa hivyo na mtu. Alikuwa "yule fundi" au "huyo mama wa cherehani", na jina la baba yake likarukwa kama dimbwi njiani. Aliumia, na hakuficha. Akimwogesha mtoto, alimsugua masikio huku akimwambia, "Vava, mimi najua hukuiba." Mtoto alikua akiyasikia hayo pamoja na sabuni.

Ilikuwa miaka ya themanini alipokuja Mwalimu Thuranira, Mmeru wa Githongo, aliyeletwa kufundisha hesabu lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyimbo. Akatunga mchezo wa kuimba wa majambazi wa kahawa, waigizaji wote watoto; mtu mzima hakuruhusiwa hata kuvuta pazia. Bunduki zilikuwa mabua ya mahindi, sigara zilikuwa chaki, masharubu yalikuwa masizi ya sufuria. Majambazi waliingia wakiimba kwamba wao hawanawi mikono wala hawamwogopi mwalimu mkuu. Sisi tuliochungulia mazoezi dirishani tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Shida ilikuwa moja. Watoto hawakuweza kushika majina ya kuigiza. Ukimwita Wawira "Inspekta", aligeuka nyuma kuona ni nani anayeitwa. Mwalimu akachoka, akasema kila mtu aigize kwa jina lake. Na mwenye sauti kubwa kuliko wote, aliyepewa ubosi wa genge, alikuwa Nthiga.

Ednah aliposikia wimbo wa mwisho, "Nthiga kaiba kahawa, mfungeni Nthiga," aliacha gauni la mteja chini ya sindano akaenda shuleni.

"Mwalimu, hiyo jina utoe."

"Kwani iko na nini, mama?"

Akamweleza. Mwalimu akashika kichwa.

"Pole sana, mama, sikujua. Lakini hawa watoto ukiwaita jina ingine hawageuki."

"Utawafundisha. Siku ya wazazi hiyo jina nisiisikie. Babangu alifungwa mara moja, imetosha."

Mwalimu akaahidi kwamba bosi ataitwa Chui. Kwa ahadi hiyo Ednah akashona makoti ya genge zima, na la bosi akalitoa sandukuni: kabuti la ulinzi la baba yake. Hakulikata. Alikunja mikono na pindo kwa ndani, akashikiza kwa uzi mwepesi unaofumulika.

Siku ya wazazi, kwenye kiti cha mbele alikalishwa mwenyekiti wa zamani wa chama cha kahawa, yule yule aliyetoa ushahidi mahakamani dhidi ya Nthiga mkubwa. Mchezo ulianza vizuri. Jina la Chui lilidumu nyimbo mbili. Kisha genge likapandwa na furaha, na wimbo wa mwisho ukatoka kama walivyouzoea: "Nthiga kaiba kahawa!"

Ednah akainamisha kichwa. Wawira, pingu za katani mkononi, akamsogelea bosi.

"Kubali uliiba!"

Hapo Nthiga alitakiwa apige magoti aimbe kwamba amekubali. Alibaki amesimama, pindo la kabuti limefumuka, likiburura vumbini.

"Mimi sikuiba," akasema. "Mama anajua."

"Nthiga, piga magoti!" Mwalimu alinong'ona nyuma ya pazia, tukamsikia sote.

"Sikuiba, mwalimu."

Wawira alichanganyikiwa. Alikuwa amefundishwa kwamba mchezo hauishi mpaka mtu afungwe. Akaangalia huku na huku, akayaona magunia ya kahawa, na juu ya magunia ameketi Runji, aliyeigiza mwenyekiti wa chama, anatafuna sigara yake ya chaki.

"Basi ni wewe," akasema. "Si magunia umeyakalia?"

Akamtia pingu. Runji akalia machozi ya kweli. Genge, lisilopenda wimbo ukatike, likaendelea: "Mwenyekiti kaiba kahawa, mfungeni Mwenyekiti!"

Kicheko kilianzia nyuma, kwa akina mama wazee, kikaja mpaka mbele. Mwenyekiti wa zamani alikumbuka ghafla kwamba ng'ombe wake hawajanyweshwa, akaondoka. Mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba chakula kilikuwa wali na nyama, na yule si mtu wa kuacha nyama.

Watu walipokuwa wakipanga foleni ya sahani, Nelius, ajuza aliyeishi jirani na Ednah miaka yote bila kumtaja baba yake, alimwendea akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mwari wa Nthiga," akasema, "habari ya nyumbani?"

Ednah akalia mbele ya watu wote, wala hakujifuta. Alikuwa bado analia mtoto alipokuja, masharubu yamemwagikia shingoni.

"Mama, hii kabuti nirudishe kwa sanduku?"

"Hapana, vava," akamwambia. "Ni yako."